Profesa Aliyeita Maabara Yake STIMA: Hivi Ndivyo Utafiti Wake Unagusa Tokeni Zako

Kuna maabara moja Marekani, pale University of Massachusetts mjini Amherst, inaitwa STIMA. Si utani. Hilo neno letu la mtaani, lile watoto hupigia nduru taa zikirudi, ndilo jina rasmi la kikundi cha watafiti. Kirefu chake kwa Kizungu ni Systems Towards Infrastructure Measurement and Analytics, yaani mifumo ya kupima miundombinu na kuchambua data yake. Lakini yeyote aliyewahi kuishi Nairobi anajua hizo herufi hazikujipanga zenyewe.

Mwenye maabara anaitwa Jay Taneja, msomi wa uhandisi wa umeme na kompyuta. Kabla ya kuenda Amherst alifanya kazi hapa Nairobi, kwenye kituo cha utafiti cha IBM kilichofunguliwa mwaka wa 2013 pale Catholic University of Eastern Africa. Kwa hivyo huyu si msee anaongelea Afrika akiwa ameisoma tu kwa vitabu. Stima imempotelea akiwa mtaani kama sisi wengine.

Kazi yake na ya wenzake inazunguka swali moja: stima inatumika saa ngapi, wapi, na nani, na inaweza kupangwa aje ndio isiende bure? Unaweza kusema hizo ni mambo za wasomi. Shida ni kwamba jibu la hilo swali linaingia hadi kwa hiyo tokeni ya mia mbili unayonunua kwa simu ukiwa kwa mat.

Stima haiwekwi kwa mtungi

Maji yakipotea kwa ploti, unatoa ule mtungi uliojaza jana. Stima haiko hivyo. Ile inayowasha TV yako sasa hivi imezalishwa sasa hivi. Kuna betri, ni kweli, lakini betri ya kubeba mzigo wa nchi nzima ni ghali sana. Kwa hivyo kila sekunde, kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika.

Fikiria boda imebeba abiria wawili na gunia la viazi, inapanda mlima. Ukiongeza mzigo bila kuongeza mafuta, injini inalegea. Gridi nayo iko hivyo. Hapa Kenya umeme unazunguka mara 50 kwa sekunde, ndiyo hiyo unaona imeandikwa 50Hz nyuma ya friji. Mzigo ukizidi, mwendo unashuka chini ya 50. Mzigo ukipungua ghafla, mwendo unapanda. Ukitoka kwa mstari sana, mashine za kuzalisha zinajizima zenyewe ndio zisiharibike. Ikizima moja, mzigo wake unaangukia zingine, nazo zinafuata. Hapo ndipo nchi nzima inaingia giza.

Unakumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023? Karibu nchi yote ilizima, hadi JKIA. Kenya Power walisema walipoteza megawati 270 kutoka Lake Turkana Wind Power, na hiyo ikavuruga mizani ya gridi yote. Wenye windmill nao wakajibu kwamba wao walilazimika kutoka kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Kila upande ulikuwa na stori yake, lakini ukizisikiza zote mbili, shida ni ileile: mizani. Hakuna mtu alisema Kenya haikuwa na stima usiku huo.

Shida ya saa moja usiku

Kenya iko mbele ya nchi nyingi kwa umeme safi. Mvuke wa Olkaria, maji ya mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua la Garissa vikiwekwa pamoja, karibu asilimia 90 ya stima yetu haitoki kwa mafuta. Kwa mvuke wa ardhini, sisi ndio wakubwa Afrika nzima. Windmill za Turkana ziko 365, na zikizunguka zote kwa nguvu zinaweza kutoa megawati 310.

Sasa angalia siku ya Mkenya. Saa moja jioni watu wamefika keja. Taa, TV, pasi ya shati la kesho, shawa, mtoto anachaji simu, kinyozi bado hajafunga, mama wa chipo ameunganisha friji na balbu mbili. Wote mnavuta kwa wakati mmoja. Mwaka wa 2025 rekodi ya mahitaji ya juu ilipita megawati 2,300, na hizo rekodi huvunjwa saa hizo za jioni. Wakati huo jua limelala, kwa hivyo Garissa haisaidii. Hapo ndipo zile mashine za kuchoma mafuta zinawashwa, na unazilipia kupitia ile laini ya gharama ya mafuta kwa risiti yako ya tokeni. Rais William Ruto mwenyewe ameshasema hadharani kwamba kuna sehemu hukatiwa stima jioni kwa sababu haitoshi.

Songa mbele hadi saa nane usiku. Wasee wamelala. Mahitaji yameshuka sana. Lakini mvuke wa Olkaria haujui ni usiku, na upepo wa Turkana huwa na nguvu sana usiku. Ndiyo maana kuna saa mvuke unaachiliwa hewani bila kuzungusha kitu, na windmill zinaambiwa zipunguze. Jioni tunalia stima haitoshi, usiku tunaimwaga.

Hii ndiyo sehemu watu wengi hawaijui. Ukisikia "Kenya inahitaji stima zaidi," uliza: saa ngapi?

Friji inayosubiri

Taneja alianza kukuna kichwa juu ya hii shida akisomea PhD yake Berkeley, California, na profesa wake David Culler. Wazo lao linageuza mambo kichwa chini. Tangu zamani, gridi inamfuata mtumiaji: wewe unawasha, mwenye mtambo anakimbia kuongeza. Sasa kama tunatumia jua na upepo, na hakuna anayeweza kuamrisha jua litoke, mbona vifaa visifuate umeme badala ya umeme kufuata vifaa?

Mfano wao mtamu ni friji. Friji haihitaji stima kila dakika. Inachohitaji ni kubaki baridi. Hiyo baridi ni aina ya akiba: ukiweka ndani kitu kinachoganda na kushika ubaridi kwa muda mrefu, friji inaweza kula stima nyingi wakati iko kwa wingi, halafu inyamaze jioni wakati kila mtu anaing'ang'ania. Maziwa hayaharibiki na wewe hujui kama kuna kitu kimefanyika. Kazi ya kuamua inafanywa na kompyuta ndogo inayosikiliza hali ya gridi.

Si friji peke yake. Tangi la maji moto, pampu ya kujaza tangi la ploti, betri ya boda ya umeme, hata mashine ya kutengeneza barafu ya samaki kule Kisumu au Lamu. Vyote vina kitu kimoja: kazi inaweza kufanywa mapema au baadaye bila mtu kuumia. Balbu haiko kwa hiyo orodha, huwezi kuwasha taa saa nane mchana ndio upate mwanga saa mbili usiku. Kujua kipi kinaweza kusubiri na kipi hakiwezi, kisha kuvipanga, ndiyo maana ya usimamizi wa umeme kwa akili.

Na usidhani ni kitu cha ajabu kwetu. Makanga amekuwa akikufunza hii somo miaka yote. Saa kumi na mbili jioni nauli iko juu, saa tano asubuhi imeshuka. Asiye na haraka anangoja ipungue. Bei imesogeza watu bila kumlazimisha mtu.

Tuliunganishwa, lakini tunatumia kidogo

Utafiti mwingine unauma zaidi kwa sababu unatuhusu moja kwa moja. Mwaka wa 2015 serikali ilishusha ada ya kuunganishwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na Last Mile ikaingia vijijini. Leo Kenya Power ina wateja zaidi ya milioni 9. Kwa hesabu ya nguzo na mita, hiyo ni kazi kubwa.

Mwaka wa 2018, Simone Fobi, aliyekuwa Columbia University, akiwa na Taneja na wenzao wengine, walitoa utafiti uliochambua bili za zaidi ya wateja 130,000 wa Kenya kati ya 2010 na 2015. Walichopata ni hiki: walioingia kwa gridi miaka ya karibuni wanatumia stima kidogo kuliko walioingia zamani, na matumizi yao yanafika kikomo mapema. Mtu anaunganishwa, anawasha balbu, anachaji simu, labda anaongeza TV, halafu hapo ndipo anaishia.

Sababu si ngumu kuelewa. Stima ikifika kwako haiji na friji mkononi. Haiji na mashine ya kusaga wala kifaa cha kuchomelea. Kama doo ya kununua hivyo vitu haipo, waya kwa ukuta haubadilishi maisha sana.

Sasa piga hesabu upande wa pili. Nguzo, nyaya na transfoma ya kijiji ina gharama ileile, mtumie uniti tano au hamsini kila mmoja. Uniti zikiwa chache, kila moja inabeba mzigo mkubwa wa deni la huo mtandao. Pesa za kutengeneza zikikosekana, transfoma ikiungua mnangoja. Mkingoja sana, mwenye posho mill anarudi kwa dizeli, na uniti zinapungua tena. Ni mzunguko mbaya, na hauishi kwa kuongeza nguzo pekee.

Ndiyo maana hawa watafiti wana mradi unaoitwa e-GUIDE, uliopewa pesa na Rockefeller Foundation, na una watu hadi Kigali pale Carnegie Mellon University Africa. Wanajaribu kukisia mapema mahitaji ya stima yatakuwa wapi. Kwa mfano, waliifunza kompyuta kuangalia picha za satelaiti za mchana za sehemu za Kenya na kukadiria nyumba itatumia umeme kiasi gani. Ukijua hilo kabla ya kujenga, unajua wapi palete waya mkubwa, wapi panatosha sola, na wapi mkopo wa friji au pampu utasaidia kuliko nguzo ingine.

"Ni kwangu tu ama ni ploti yote?"

Stima ikipotea, kitu cha kwanza unafanya ni nini? Unachungulia dirishani. Jirani ana taa? Basi ni tokeni zako. Ploti yote giza? Ni transfoma. Mtaa mzima? Hiyo ni kubwa, tafuta mshumaa.

Utashangaa kujua kwamba kampuni nyingi za umeme Afrika hazina njia ya haraka kuliko hiyo. Ile mita ya kawaida ya tokeni inakubali namba 20 unazobonyeza na inakata ukimaliza. Haipigi simu kusema hapa kumezima. Kampuni inajua kwa sababu mmepiga 97771 ama *977# na kulalamika.

Noah Klugman, Prabal Dutta, Catherine Wolfram na Taneja waliichukua hiyo tabia ya kuchungulia dirishani wakaigeuza kuwa mtambo. Kwanza kulikuwa na GridWatch, programu ya simu. Simu iliyo kwa chaja inajua dakika chaji inakatika. Simu moja haitoshi, pengine umeichomoa tu. Lakini simu kadhaa za eneo moja zikikatika kwa sekunde hizohizo, hiyo ni stima imeenda.

Baadaye, mjini Accra, Ghana, ambako watu wana neno lao la kupotea kwa stima, dumsor, kikundi hicho kikaweka vifaa vidogo vinavyoitwa PowerWatch kwa soketi za mamia ya nyumba na biashara kuanzia 2018. Kila kifaa kina betri yake na laini ya simu. Kinatuma habari: imepotea saa ngapi, imerudi saa ngapi, na volteji ilikuwa ngapi. Hapo kuna daftari la ukweli ambalo halikuandikwa na kampuni ya umeme yenyewe.

Maabara ya STIMA pia imetumia satelaiti zinazopiga picha za taa za usiku. Zinaona jiji zima bila kuweka kifaa hata kimoja. Kasoro yake ni kwamba hupita juu mwendo wa saa saba na nusu usiku. Kama ulikosa stima kuanzia saa moja hadi saa nne, satelaiti ikifika itakuta umeshawashiwa na umelala.

Halafu kuna ile shida ya stima kuwa iko na haiko. Watafiti wengine wa Berkeley, wakiongozwa na Veronica Jacome, walipima volteji katika nyumba za Unguja, Zanzibar, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2019. Waliona volteji mara nyingi iko chini ya kiwango na inayumba. Kwa karatasi hizo nyumba zina umeme. Kwa ukweli balbu inafifia, friji inanguruma bila kupoesha, na mota zinaungua. Mkaazi wa mwisho wa laini, aliye mbali na transfoma, anaijua hii vizuri bila kusoma utafiti wowote.

Sasa wewe unafanya nini na hii habari?

Anza na ukweli mchungu: kwa nyumba ya kawaida, kusogeza matumizi hadi usiku hakukupunguzii hata shilingi leo. Bei ya nyumbani inaangalia wingi, haiangalii saa. Ngazi ziko tatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Ukipanda ngazi, uniti inakuwa ghali. Kwa hivyo kinachokusaidia ni kujua nani anakula uniti zako.

Mkubwa wao kwa keja nyingi ni ile shawa ya papo hapo. Huvuta kama kilowati 5. Hiyo ni sawa na zaidi ya taa 500 za LED za wati 9 zikiwaka pamoja. Dakika kumi chini ya maji, karibu uniti moja imeenda. Ukizima taa za choo kila saa lakini unaoga dakika ishirini, unaziba tundu la sindano na mlango uko wazi.

Ukiwa na boda ama gari ya umeme, hapo saa ina maana. Kwenye bei zilizotangazwa mwaka wa 2023, umeme wa kuchaji magari uliwekwa shilingi 16 kwa uniti, na usiku ukashuka hadi shilingi 8, kabla ya kodi na ada zingine. Usiku hapo ni saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, ile saa mvuke wa Olkaria unakosa kazi. Viwanda navyo vilianza kupewa punguzo la usiku tangu Desemba 2017. Wazo la chuo kumbe liko tayari kwa risiti, lakini kwa wateja wachache.

Kama volteji ya kwenu inacheza, nunua friji gadi kabla ya kununua friji ya pili. Na stima ikipotea, ripoti kila mara, usingoje jirani. Bila mtambo wa kupima, malalamiko yako ndiyo data.

Ujanja usiwe wa wenye nazo pekee

Kuna kitu kimoja cha kuchunga. Mwenye tangi la maji moto, gari ya umeme na sola juu ya nyumba ana vitu vingi vya kusogeza, kwa hivyo mfumo wa bei kwa saa utamlipa. Anayetumia uniti kumi kwa mwezi ana balbu na simu. Yeye hana cha kusogeza. Bei ya jioni ikipandishwa bila kumfikiria, atalipia ujanja wa wengine, na ndiye yuleyule ambaye data ya 2018 ilionyesha tayari anabana matumizi.

Cha pili ni siri zako. Mita inayotuma habari kila dakika inaweza kuonyesha unaamka saa ngapi, unarudi saa ngapi, na wikendi gani nyumba ilikuwa tupu. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Mita mpya zikianza kuja kwa ploti, uliza nani anaona hizo habari na anazikaa nazo muda gani.

Bei za stima hazishuki kutoka mbinguni. EPRA huzipitia kila baada ya miaka mitatu, na kabla ya kuzipitisha lazima isikize wananchi. Hivyo vikao huwa na viti tupu vingi, na wanaojaza vile vingine ni mawakili wa makampuni. Siku ya kaunti yako ikifika, ingia uulize swali moja tu: kama kiwanda kina bei ya usiku na gari la umeme lina bei ya usiku, mama wa samaki mwenye friji moja anapata yake lini?